Kati ya hewa na kioo cha rubani

Abiria anayechungulia chumba cha marubani wakati wa kushuka kwenye ndege huona vioo vitano au sita vinavyong'aa, na mara nyingi husema kuwa siku hizi kompyuta ndiyo inayorusha ndege. Kauli hiyo nimeisikia pia kwa wanafunzi wa urubani ninaowafundisha somo la vyombo, na hata kwa watu wenye mamlaka ya kuidhinisha ununuzi wa ndege. Ni kauli potofu, na upotofu wake una gharama. Msimamo wangu ni kwamba vioo vimeifanya safari ya anga kuwa salama zaidi, na sioni sababu ya kurudi kwenye vyombo vya mishale. Lakini havikufuta kosa la kusoma, vimelihamisha. Zamani rubani aliweza kukosea kwa kuusoma vibaya mshale uliosema kweli. Leo anaweza kukisoma kioo sawasawa kabisa na bado akapotea, kwa sababu kati ya hewa iliyo nje na kioo kilicho mbele yake kuna programu, na mtu aliyeiandika ameshaamua rubani aone nini, wakati gani na kwa rangi gani. Mafunzo yetu yanamfundisha kusoma. Kuhoji kile anachokisoma hayamfundishi vya kutosha.

Chombo cha mshale kiliguswa na hewa yenyewe. Chukua altimita, yaani kipima kimo. Ndani ya kasha lake kuna kibweta chembamba cha chuma kilichonyonywa hewa na kuzibwa. Kasha limeunganishwa kwa mrija na vitundu vidogo vilivyo ubavuni mwa ndege. Ndege ikipanda, kanieneo ya hewa hupungua, kibweta hutanuka, vigurudumu vyenye meno huzunguka na mshale hupanda. Kipima mwendo ni ndugu yake: mrija unaotazama mbele, wenye jina la Mfaransa Henri Pitot aliyepima mkondo wa mto Seine mwaka 1732, hupokea hewa inayosukumwa na mwendo wa ndege, chombo hulinganisha msukumo huo na kanieneo ya hewa tulivu, na tofauti ya hizo mbili ndiyo mwendo. Hapo hapakuhitajika umeme wala hesabu ya kompyuta. Fundi akikifungua chombo hicho mezani anaweza kuifuata njia yote kwa kidole, kutoka kwenye tundu hadi kwenye ncha ya mshale.

Kwa vyombo vya namna hiyo rubani Mmarekani Jimmy Doolittle aliishinda hofu kubwa ya marubani wa enzi zake, hofu ya ukungu. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field huko Long Island, Marekani, aliketi ndani ya ndege ya Consolidated NY-2 huku sehemu yake imefunikwa kabisa asione nje, akapaa, akazunguka na akatua. Benjamin Kelsey aliketi kiti kingine kwa tahadhari tu. Doolittle alitegemea altimita mpya ya Paul Kollsman, upeo wa bandia na dira ya jairo za Sperry, pamoja na mawimbi ya redio. Siku ile ilithibitisha jambo ambalo mwili wa binadamu haulikubali kirahisi hadi leo: ndani ya wingu, sikio la ndani hudanganya, na rubani anayefuata hisia zake ataipindisha ndege kuelekea ardhini huku akiamini anakwenda sawa.

Wanaoililia enzi ya mishale, hata hivyo, hawaikumbuki vizuri. Altimita iliyotawala kwa miongo mingi ilikuwa na mikono mitatu kama saa ya ukutani: mmoja wa mamia ya futi, mwingine wa maelfu, na wa tatu, mdogo kuliko yote, wa makumi ya maelfu. Ili kupata kimo sahihi ilimpasa rubani aanze na ule mdogo, ambao mara nyingi ulifichwa chini ya wenzake. Mwaka 1947, wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 270 vya marubani wa Marekani waliokosea kusoma vyombo, na kukosea altimita kwa futi 1,000 au 10,000 kulijitokeza wazi humo. Onyo halikutosha. Mkesha wa Krismasi wa 1958, ndege ya Bristol Britannia ya shirika la Uingereza la BOAC iliyokuwa katika safari ya majaribio iligonga ardhi karibu na Christchurch, kusini mwa Uingereza, ikaua watu 9 kati ya 12 waliokuwemo. Marubani waliamini wako futi 11,500, kumbe wako futi 1,500. Altimita ilikuwa nzima na ilikuwa ikisema kweli.

Tatizo la pili la mishale lilikuwa wingi wake. Kila mfumo mpya ulikuja na saa yake, taa yake na swichi yake, na ukuta wa mbele ukajaa hadi darini. Boeing 747 za mwanzo zilikuwa na taa, vipimo na swichi 971, na mhandisi wa ndege aliketi nyuma ya marubani wawili kuvilinda vile ambavyo wao wasingevimudu. Katika 747-400, iliyoanza kazi mwaka 1989, idadi hiyo ilishuka hadi 365, na kiti cha mhandisi kikaondoka. Njia ilikuwa imefunguliwa na Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1982 ikiwa na vioo vya mirija ya picha, baada ya majaribio ya miaka ya 1970 ambayo NASA ilifanya Langley kwa kutumia 737. Airbus A320 ya mwaka 1988 ikaenda mbali zaidi, na Boeing 777 ya mwaka 1995 ikaja na vioo bapa vya kristali kioevu. Falsafa ya vyumba hivi ni ya giza na ukimya: kilicho sawa kinyamaze, kilichoharibika ndicho kijitangaze.

Falsafa hiyo naiunga mkono, lakini tuone inafanya nini kwenye ile njia niliyosema fundi aliweza kuifuata kwa kidole. Tundu ni lile lile, mrija wa Pitot ni ule ule. Kanieneo sasa inaingia kwenye kompyuta ya data za hewa, ambayo huigeuza kuwa namba. Namba hiyo hulinganishwa na namba za sensa nyingine, na programu huamua ipi iaminiwe. Kompyuta nyingine huchora picha: utepe wa mwendo kushoto, upeo katikati, utepe wa kimo kulia, mwelekeo chini. Mpangilio huo umerithiwa moja kwa moja kutoka kwenye saa za mishale, na ni vizuri umerithiwa. Katika utepe wa mwendo wa ndege nyingi kuna mshale mdogo unaoonyesha mwendo utakuwa wapi baada ya sekunde 10, jambo ambalo saa ya zamani haikuweza kulifanya. Faida ni kubwa. Lakini katika kila hatua kati ya tundu na picha, kuna uamuzi umefanywa na mtu asiyekuwemo ndani ya ndege.

Mfano ninaoanza nao darasani ni wa usiku wa tarehe 20 Januari 1992. Airbus A320 ya Air Inter, iliyotoka Lyon, ilikuwa ikishuka kuelekea Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Kwenye paneli ya otopailoti palikuwa na kidirisha kimoja cha tarakimu kilichofanya kazi mbili. Katika modi moja, tarakimu zilimaanisha pembe ya kushuka kwa digrii. Katika modi nyingine, zilimaanisha kasi ya kushuka, kwa mamia ya futi kwa dakika. Kitufe cha kubadili modi kilikuwa kingine, lakini kidirisha na kirungu cha kuzungusha vilikuwa vile vile. Pembe ya digrii 3.3 iliandikwa -3.3. Kasi ya futi 3,300 kwa dakika iliandikwa -33. Kilichozitofautisha ni nukta, pamoja na vifupisho vidogo vya modi. Pembe ile ingeishusha ndege kwa takriban futi 800 kwa dakika. Ndege ilishuka kwa karibu futi 3,300, ikagonga mlima Sainte-Odile gizani. Watu 87 kati ya 96 walikufa. Wachunguzi hawakuweza kulithibitisha moja kwa moja lililotokea vidoleni mwa marubani, ila maelezo yaliyobeba uzito zaidi ni hayo ya kuchanganya modi.

Huwauliza wanafunzi: je, taarifa sahihi haikuwepo? Ilikuwepo. Kioo kikuu kilionyesha ndege inashuka kwa kasi kubwa. Lakini rubani aliyekwisha kuzungusha kirungu na kuiona namba yake huamini kwamba amri imetiiwa kama alivyoikusudia, na jicho lake hukimbilia kazi inayofuata. Hapa ndipo kosa jipya linapoishi. Baadaye kidirisha kilibadilishwa, kasi ya kushuka ikaandikwa kwa tarakimu nne, -3300, isifanane tena na pembe. Mabadiliko madogo mno, na sahihi kabisa, kwa sababu yaliligusa chimbuko badala ya kuishia kumkemea rubani.

Ajali ya Kegworth, Uingereza, inafundisha jambo la karibu na hilo, ingawa wengi huisimulia kama kisa cha marubani waliozima injini isiyo na kosa. Tarehe 8 Januari 1989, feni ya injini ya kushoto ya Boeing 737-400 ya British Midland ilivunjika ubapa mmoja wakati wa kupanda. Mtikisiko na moshi vikaingia, marubani wakapunguza nguvu ya injini ya kulia, dalili zikatulia, wakaizima. Ndege ilianguka kando ya barabara kuu ya M1, karibu kabisa na uwanja wa East Midlands. Watu 47 kati ya 126 walikufa. Kipimo cha mtikisiko cha injini ya kushoto kilikuwa kimepanda hadi mwisho na kubaki huko. Kwa nini hakikuonekana? Ndege ile ilikuwa mpya, na vipimo vya injini vilikuwa vimebadilishwa: mshale wa zamani uliokata uso wa saa ulikuwa umeachia nafasi taa fupi zinazozunguka pembeni mwa duara, na kipimo cha mtikisiko kilikuwa kidogo. Aidha, marubani wengi walikuwa wamejifunza katika ndege za awali kutokiamini kipimo hicho. Na mafunzo ya kuhamia aina hiyo mpya yalikuwa ya siku moja ya picha na sauti, bila zoezi la simuleta yenye vyombo hivyo. Mshale mkubwa uliolala upande usio wake huonekana hata kwa pembe ya jicho. Alama fupi ya mwanga lazima itafutwe. Aliyebadilisha uso wa chombo alibadilisha pia kazi ya jicho, na hakuna aliyelifundisha jicho hilo upya.

Kuna dhana tatu ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza ni kwamba tarakimu ni sahihi zaidi kwa kuwa ni tarakimu. Namba inayosema noti 247 inaonekana ya uhakika kuliko mshale uliosimama kati ya 240 na 250, na hapo ndipo inapodanganya. Kama tundu limeziba, tarakimu itakuwa ya uongo hadi nukta ya mwisho. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilipaa Puerto Plata ikiwa na kipima mwendo cha nahodha kisichofanya kazi sawasawa; ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila vifuniko vya mirija ya Pitot, na sababu iliyoonekana kuwa na uwezekano mkubwa ni kiota cha nyigu wa udongo. Watu 189 walikufa. Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, 757 ya Aeroperú ilipaa Lima huku vitundu vya kanieneo vimeachwa vimezibwa na utepe wa gundi uliobandikwa wakati wa kuosha ndege, na watu 70 wakafa baharini usiku, wakiwa na vyombo vilivyopingana. Nyigu wa udongo tunao, tena wengi, kuanzia Lodwar hadi Mtwara.

Ya pili ni kwamba programu ikikataa taarifa mbovu, imemlinda rubani. Mara nyingi ni hivyo. Sio kila mara. Katika ajali ya Air France 447 ya tarehe 1 Juni 2009, barafu iliziba mirija ya Pitot juu ya Atlantiki, otopailoti ikajitoa, na rubani akainua pua ya ndege hadi mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba. King'ora cha onyo kililia. Lakini watengenezaji walikuwa wameamua kwamba mwendo ukisomeka chini ya noti 60, pembe ya bawa dhidi ya upepo haiaminiki tena, hivyo king'ora kinyamaze. Uamuzi wa busara kwa ndege iliyo ardhini. Kwa ndege inayoporomoka kutoka futi 38,000 ulikuwa na matokeo ya kutisha: rubani aliposhusha pua, jambo lililo sahihi, mwendo ulipanda na king'ora kikarudi, alipoiinua, kikanyamaza. Kioo kilimzawadia kosa na kumwadhibu kwa tiba. Watu 228 walipotea, na wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza mamlaka zitathmini kuwawekea marubani kionyeshi cha pembe hiyo mbele ya macho yao.

Ya tatu ni kwamba kizazi kilichozaliwa na simu mkononi kitavimudu vioo bila shida. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipochunguza mwaka 2010 ndege ndogo zipatazo 8,000 zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, ilikuta zile za vioo zina kiwango kidogo cha ajali kwa jumla, lakini kiwango kikubwa zaidi cha ajali zenye vifo kuliko zile za mishale. Haikuona kwamba usalama umeboreka. Ilichosisitiza ni mafunzo mahususi kwa kila aina ya kioo. Matokeo hayo yanatuhusu. Cessna Caravan, ndege inayobeba watalii na wagonjwa kutoka Wilson, Arusha na Zanzibar hadi viwanja vya nyasi, imekuwa ikitoka kiwandani na vioo vya Garmin G1000 tangu 2008, na zile za saa za mishale bado zinaruka pembeni yake. Jina ni moja, usukani ni ule ule, lakini jicho linafanya kazi mbili tofauti.

Nitasema pia juu ya ajali ya Douala, Cameroon, kwa heshima ya wale 114 waliokuwa kwenye safari KQ507 ya Kenya Airways usiku wa tarehe 5 Mei 2007, kwa kuwa kukaa kimya hakuwasaidii wanaoruka leo. Ripoti ya Cameroon ilieleza kwamba baada ya Boeing 737-800 kupaa, nahodha alitamka amri ya kuwasha otopailoti, lakini otopailoti haikuwaka, na hapakuwa na uthibitisho kutoka kwa rubani msaidizi. Ndege ilianza kuinama taratibu kulia gizani bila mtu kuishika, hadi onyo la kuinama likalia, na nahodha akapoteza mwelekeo. Katika 737 hiyo, otopailoti ikiwaka, herufi CMD za kijani hutokea kwenye kioo kikuu. Herufi tatu. Kusema amri na kuiona imetiiwa ni vitendo viwili, na cha pili hufanywa na macho.

Sasa la kufanya. Mafunzo ya kuhama kutoka uso mmoja wa vyombo kwenda mwingine yasihesabiwe kuwa karatasi ya kutia saini. Mamlaka za usafiri wa anga za kwetu ziyatake yafanyike kwenye simuleta au ndani ya ndege yenyewe, kwa mtahini kumfichia rubani kioo, kumpa mwendo wa uongo, kumbadilishia modi bila kumwambia. Kila mwanafunzi ajue kwa moyo pembe ya pua na nguvu ya injini vinavyoishika ndege yake angani bila kipima mwendo. Hizo ni namba chache, zinaingia kwenye kadi moja. Kila badiliko la modi litamkwe kwa kusomwa kutoka kwenye kioo kikuu, sio kutoka kwenye kitufe kilichobonyezwa, na rubani wa pili alithibitishe kwa sauti.

Vyombo vya akiba navyo viheshimiwe. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta juu ya Canada kwa sababu yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo, injini zote mbili zikazima na vioo vikafifia. Nahodha Robert Pearson alibaki na vipimo vichache vya akiba, akaiteleza ndege hadi Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Nimeona mara nyingi zoezi la vyombo hivyo likirukwa kwa kisingizio cha muda.

Viwanjani, kifuniko cha mrija wa Pitot kivalishwe kila ndege inapolala, hata kwa usiku mmoja, na anayekivua asubuhi amulike tundu kwa tochi. Kazi hiyo huchukua dakika moja, na hakuna programu inayoweza kuifanya badala yake.

Lipo pia suala la mkataba wa ununuzi. Katika 737 MAX, taa inayotangaza kwamba sensa mbili za pembe ya bawa hazikubaliani ilifanya kazi kwenye ndege zile tu ambazo mnunuzi alikuwa amechukua kionyeshi cha hiari cha pembe hiyo. Ndege ya Lion Air iliyoanguka tarehe 29 Oktoba 2018 na watu 189 haikuwa nacho. Siwezi kudai kwamba taa peke yake ingeiokoa, wala ile ya Ethiopian iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikiwa njiani kuja Nairobi na watu 157. Ninachodai ni kwamba marubani walinyimwa taarifa iliyokuwa tayari ndani ya kompyuta zao, na aliyeamua hivyo hakuwa rubani. Baada ya ajali hizo Boeing ilitangaza kuwa taa hiyo itakuwa ya kawaida kwa kila MAX, na kionyeshi kitatolewa bila malipo kwa anayekitaka. Anayekitaka lazima akiombe. Mashirika yetu yanapokaa mezani kununua au kukodi ndege, rubani mkuu wa mafunzo awepo na orodha ya kila kinachoitwa cha hiari kwenye vioo, aulize kila kimoja kinaficha nini kikikosekana, na majibu yaandikwe kabla ya saini kuwekwa.